Kidonda Kidogo, Maumivu Makubwa: Kumsaidia Mtoto Mwenye Vidonda vya Kinywa

"Hataki kula." Mzazi anapoingia zahanati na kutamka maneno hayo mawili, orodha ndefu ya maradhi hupita katika fikra za mhudumu wa afya: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, minyoo. Mtoto hupimwa joto na uzito, kidole hutobolewa kwa ajili ya kipimo cha malaria, tumbo hubonyezwa. Mara nyingi kinywa ndicho kinachosahauliwa, ilhali ndicho mlango wa hicho chakula kinachokataliwa. Mdomo wa chini ukifunuliwa kwa upole, huenda kikaonekana kidonda chenye ukubwa wa punje ya dengu: katikati kina utando mweupe au wa manjano, na pembezoni kimezungukwa na duara jekundu.

Vidonda vya namna hii kitabibu huitwa afta. Ni miongoni mwa maradhi ya kinywa yaliyoenea zaidi. Inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 hupatwa nayo, na wengi huanza kupatwa wakiwa bado watoto au vijana. Kwa mtu mzima, afta ni usumbufu wa wiki moja. Kwa mtoto wa miaka mitatu, ambaye hawezi kueleza kinachomuuma wala kujilazimisha kunywa kwa kuwa anajua faida ya maji, kidonda kimoja kinaweza kumnyima kinywaji, chakula na usingizi kwa pamoja.

Makala haya yanasisitiza jambo moja. Afta hupona yenyewe. Kazi ya mzazi na ya mhudumu wa afya si kupigana na kidonda, bali ni kupunguza maumivu, kulinda unywaji wa mtoto mpaka siku ngumu zipite, na kutambua mapema vidonda ambavyo si afta.

Kidonda hiki ni cha namna gani?

Katika afta, chembe za kinga za mwili hushambulia eneo dogo la ngozi laini inayofunika kinywa kwa ndani. Tabaka la juu humomonyoka, na ncha za neva zilizokuwa zimefunikwa hubaki wazi. Ndiyo sababu ndimu, chumvi, pilipili au hata uji wa moto huunguza kuliko ukubwa wa kidonda unavyoweza kumfanya mtazamaji aamini.

Ule utando wa manjano unaoonekana katikati si usaha. Ni tabaka la protini ya damu lililoganda juu ya jeraha, nalo hufanya kazi ya bandeji. Anayeukwangua kwa kitambaa au kwa kucha, akidhani anasafisha uchafu, huondoa kinga ambayo mwili umejitengenezea na kulianzisha jeraha upya.

Afta nyingi ni ndogo, zisizofikia milimita 10 kwa upana. Humea kwenye sehemu laini: upande wa ndani wa midomo na mashavu, chini ya ulimi na pembeni mwake, sakafu ya kinywa, na kaakaa laini lililo nyuma. Kwa kawaida hazikai kwenye ufizi ulioshikamana na jino wala kwenye kaakaa gumu. Siku moja au mbili kabla ya kidonda kutokeza, mtoto anayeweza kujieleza husema mahali fulani panachoma au panawasha. Maumivu huwa makali zaidi katika siku 3 au 4 za mwanzo, kisha hupungua, na kidonda hufunga ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Wapo wachache wanaopata vidonda vikubwa, vya zaidi ya milimita 10, vinavyoweza kudumu kwa wiki kadhaa na kuacha kovu. Wengine hupata vidonda vidogo sana vya milimita 1 hadi 3, vingi kwa wakati mmoja, ambavyo huweza kuungana na kuwa kidonda kimoja kipana.

Afta haiambukizi. Mtoto mwenye afta hahitaji kutengewa kikombe wala kuzuiwa kwenda shuleni.

Kwa nini humpata mtoto?

Hakuna kisababishi kimoja kinachojulikana. Urithi una nafasi yake: mzazi aliyesumbuliwa na afta utotoni huenda akawa na mtoto mwenye tatizo hilohilo. Mchubuko mdogo unaweza kukianzisha kidonda: mtoto kujing'ata, mswaki wenye nyuzi ngumu, ukingo wa jino lililovunjika, kutafuna miwa au bisi ngumu. Uchovu na wasiwasi navyo huchangia, na wazazi wa wanafunzi hugundua kwamba vidonda hujitokeza majira ya mitihani.

Upungufu wa madini chuma, wa asidi foliki au wa vitamini B12 huongeza uwezekano wa vidonda kujirudia. Kwa baadhi ya watu, dawa za meno zenye kiambata cha kutoa povu kiitwacho sodiamu laurili salfeti huzidisha tatizo. Kwa mtoto anayepata vidonda mara kwa mara, inafaa kujaribu dawa ya meno isiyo na kiambata hicho, mradi iwe na floraidi, kwa maana kinga ya meno haipaswi kuachwa.

Afta si matokeo ya uchafu wala ya utundu. Mtoto asilaumiwe kwa ugonjwa asioutafuta.

Hatari ya kwanza ni kukosa maji

Mtoto aliyekuwa na afya njema hapati madhara makubwa kwa kula kidogo siku mbili au tatu. Asiponywa, hali yake huharibika upesi zaidi, hasa akiwa na homa au akiishi kwenye joto la pwani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza nyumbani ni amekunywa kiasi gani. Amekula nini ni swali la pili.

Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 huhitaji takriban lita 1 ya vinywaji kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kumtisha mzazi ambaye mtoto wake anasukuma kikombe kwa mkono. Lakini lita hiyo haihitaji kunywewa kwa mafunda makubwa. Kijiko kimoja cha chai chenye mililita 5, kikitolewa kila baada ya dakika 2, hufikisha mililita 150 kwa saa. Kwa mwendo huo, lita nzima hukamilika kwa muda unaokaribia saa 7, ambazo zinaweza kugawanywa asubuhi, mchana na jioni, na kupokezana kati ya mama, baba, bibi na dada wa nyumbani. Bomba la sindano lililoondolewa sindano hurahisisha kazi: lielekezwe upande wa ndani wa shavu lisilo na kidonda, na kinywaji kisukumwe polepole. Mtoto aketishwe wima ili asipaliwe.

Kinywaji kiwe baridi au cha uvuguvugu, kamwe kisiwe cha moto. Maji safi, maziwa, maji ya dafu na uji mwepesi uliopoa vinafaa. Mtoto mwenye dalili za kupungukiwa maji apewe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Juisi za ndimu, chungwa, nanasi na ukwaju ziahirishwe mpaka kidonda kifunge. Mtoto mkubwa anaweza kutumia mrija, ukilazwa mbali na kidonda.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Akivuta titi mara moja na kuliachia huku akilia, mama asidhani maziwa yake yamekataliwa au yameharibika. Mtoto ana njaa, ila kunyonya kunamuuma. Mama akamue maziwa na kumpa kwa kikombe au kijiko, kisha ajaribu tena kumnyonyesha dawa ya maumivu ikishaanza kufanya kazi.

Kutuliza maumivu

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu mzima hukitazama kidonda cha milimita 4 na kukiona kidogo; aliyenacho mdomoni hukigusa kwa ulimi kila anapomeza mate. Mtoto anayesema panauma aaminiwe.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi dozi 4 katika saa 24. Kwa mtoto wa kilo 12, dozi moja ni kati ya miligramu 120 na 180. Akitumia dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Kuna chupa nyingine zenye miligramu 250 katika mililita 5, yaani nguvu yake ni zaidi ya maradufu. Mzazi asome maandishi ya chupa kila mara, na atumie kipimo kilichokuja na dawa, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Mtoto mwenye umri chini ya miezi 3 asipewe dawa ya maumivu kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya.

Wakati wa kutoa dawa ni muhimu kama dawa yenyewe. Wazazi wengi hungoja mtoto alie ndipo wampe. Ni bora dawa itangulie chakula kwa nusu saa, ili mtoto akutane na kijiko akiwa maumivu yamepungua. Mlo mmoja uliopita bila kilio humrudishia imani kwamba kula kunawezekana.

Ibuprofeni nayo hutuliza, lakini isipewe mtoto aliyepungukiwa maji mwilini, kwani inaweza kudhuru figo zake. Asipirini isipewe mtoto mwenye umri chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo. Wala kidonge cha asipirini kisiwekwe juu ya kidonda: huunguza ngozi ya kinywa na kuongeza jeraha la pili.

Mtoto anayeweza kusukutua bila kumeza, kwa kawaida kuanzia miaka 6, asukutue mara 3 au 4 kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Asukutue kwa upole, na akilalamika kwamba yanamchoma aachwe. Kwa wadogo, kitu cha baridi hufaa zaidi, kama vile maziwa yaliyopozwa au mtindi usio mchachu.

Chakula cha siku za maumivu

Chakula kiwe laini, kisiwe na chumvi nyingi, viungo vikali wala uchachu, na kipoe kwanza. Mtori, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, wali bokoboko, ndizi mbivu, parachichi, papai na mayai yaliyochemshwa na kupondwa ni vyakula vinavyopatikana katika masoko yetu. Bisi, chipsi, karanga kavu, kashata, ubuyu na maembe mabichi viwekwe kando kwa siku kadhaa.

Asali hutuliza koo na kinywa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kabisa, hata kwa kupakwa. Inaweza kubeba vimelea vinavyozalisha sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kumlegeza misuli, ikiwamo ya kupumulia.

Meno yaendelee kupigwa mswaki. Mswaki uwe laini, na sehemu yenye kidonda irukwe. Kinywa kisichosafishwa kwa wiki nzima huleta ufizi unaovuja damu, na maumivu huwa ya aina mbili.

Yasiyofaa kufanywa

Nia njema ya kumponya mtoto haraka ndiyo inayoleta madhara mengi. Kidonda kisisuguliwe kwa chumvi kavu, majivu, ndimu wala kitambaa kikavu. Dawa za kuua bakteria hazina kazi kwenye afta. Humeng'enya fedha za familia, huharisha, na huvipa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Dawa ya zambarau ya GV haiponyi afta, na ikiwa kali huunguza. Katika mwongozo wa matibabu ya mtoto mgonjwa, GV ya kupaka kinywani imetajwa kwa vidonda vinavyoambatana na surua, nayo ni ile iliyopunguzwa nguvu hadi asilimia 0.25.

Dawa za ganzi za kupaka zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu huuzwa madukani kana kwamba ni peremende. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu lidokaini nzito ya kinywa kwa watoto wachanga na wadogo wanaoota meno, baada ya kuripotiwa degedege, matatizo ya moyo na vifo. Mwaka 2018 ilionya pia dhidi ya benzokaini kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, jeli za kinywa zenye salisileti hazipaswi kutumika kwa walio chini ya miaka 16. Mzazi anayeuziwa jeli ya kinywa aulize ndani yake mna nini, na ina ruhusa kwa umri gani.

Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, mtoto mwenye homa, kuhara au kukataa kunyonya hupelekwa kwa mtu wa kumng'oa yanayoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Kinachong'olewa ni chipukizi za meno halisi ya mtoto. Kitendo hicho huacha jeraha wazi, hupoteza damu, huingiza maambukizi, na huchelewesha tiba ya ugonjwa uliomfanya mtoto akatae kunyonya. Mhudumu anayemweleza mama maumivu ya mtoto yanatoka wapi, kwa kumwonyesha kidonda kwa mwanga wa tochi, humpa sababu ya kutokwenda huko.

Kwa mhudumu wa afya: vidonda vinavyofanana

Mtoto mdogo huchunguzwa kwa urahisi kwa mkao wa goti kwa goti. Mhudumu na mzazi huketi wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto hukaa mapajani pa mzazi akiwa amemwelekea, miguu yake ikizunguka kiuno cha mzazi, kisha hulazwa kinyumenyume mpaka kichwa kitue mapajani pa mhudumu. Mzazi humshika mikono na kuzungumza naye. Kwa tochi na kijiti, midomo, mashavu, ufizi, ulimi na kaakaa huonekana kwa muda mfupi. Mtoto mkubwa aambiwe: "Mwanangu, nionyeshe kwa kidole panapouma," na aanziwe mahali pasipouma.

Afta ni nadra kwa mtoto mchanga. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye vidonda afikiriwe kwanza kuwa na jambo jingine.

Maambukizi ya kwanza ya virusi vya herpesi huwapata hasa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Huanza na homa, kisha malengelenge yanayopasuka na kuwa vidonda vingi. Alama kubwa ni ufizi: huwa mwekundu, umevimba, na hutoka damu kwa kuguswa tu. Mtoto hutoa udenda na harufu ya kinywa hubadilika. Asikiloviri ya kumeza husaidia ikianzwa mapema, hususan ndani ya siku 3 za mwanzo. Herpesi huambukiza; vikombe vitengwe, mikono ioshwe, na mtoto asiguse macho baada ya kugusa kinywa.

Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo huleta vidonda kinywani pamoja na vipele kwenye viganja na nyayo. Hivyo viatu na soksi zivuliwe kabla ya kuhitimisha uchunguzi. Nao huambukiza, lakini hupona bila dawa maalumu ndani ya siku 7 hadi 10.

Fangasi wa kinywani huonekana kama mabaki ya maziwa yaliyoganda kwenye ulimi na mashavu. Hutibiwa kwa nistatini. Yakijirudia au yakimpata mtoto aliyevuka umri wa uchanga bila sababu, familia ishauriwe kuhusu kipimo cha virusi vya Ukimwi. Ushauri huohuo unahusu afta kubwa zisizopona.

Surua huleta homa, kikohozi, macho mekundu na upele, na vidonda vya kinywa ni miongoni mwa matatizo yake. Vidonda vyenye kina au vilivyoenea ni dalili ya surua kali, na mtoto apewe rufaa. Kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku 2 mfululizo: vizio 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, vizio 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na vizio 200,000 kuanzia mwaka 1.

Noma ni adimu, lakini ndiyo isiyosamehe uzembe. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au ugonjwa mwingine. Huanza kwenye ufizi: unavuja damu, una kidonda, na harufu kali hutoka kinywani. Kisha shavu huvimba, na katika muda mfupi nyama ya uso huoza. Bila tiba, hadi asilimia 90 ya watoto hao hufariki. Ikikamatwa ikiwa bado kwenye ufizi, usafi wa kinywa, dawa za kuua bakteria na lishe huizuia. Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mtoto mwenye utapiamlo, kidonda cha ufizi na harufu mbaya asirudishwe nyumbani kwa ahadi ya kuja wiki ijayo.

Wakati wa kumpeleka mtoto kituo cha afya

Mtoto apelekwe bila kuchelewa ikiwa:

- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu;
- hajakojoa kwa saa 8 au zaidi, macho yamedidimia, hatoi machozi akilia, au ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole;
- amelegea, anasinzia isivyo kawaida, au amepata degedege;
- ana homa kali, upele, au macho mekundu;
- shavu limevimba, ufizi una kidonda au kinywa kinatoa harufu kali;
- ana umri chini ya miezi 6;
- kidonda kimezidi milimita 10, au hakijapona baada ya wiki 2.

Mhudumu anayempokea aanze na swali lepesi: "Mama, mara ya mwisho mtoto alikojoa saa ngapi?" Jibu lake hueleza mengi kuliko urefu wa maelezo kuhusu kidonda.

Vidonda vinapojirudia

Kwa mtoto anayepata vidonda kila baada ya wiki chache, mzazi aandike katika daftari tarehe vilipoanza, mahali vilipotokea, siku vilipopona, na kama palikuwa na homa. Kurasa mbili za daftari hilo humsaidia daktari kuliko kumbukumbu ya papo hapo. Homa inayorudi kila baada ya wiki 3 hadi 6, ikidumu siku chache pamoja na vidonda, koo jekundu na tezi za shingo, ni ugonjwa unaotambulika kitabibu na una tiba yake. Vidonda vinavyoambatana na kuhara kwa muda mrefu, kupungua uzito, vidonda vya sehemu za siri, au macho kuuma vinahitaji uchunguzi wa hospitali.

Kwa wengi, uchunguzi huanza na wingi wa damu na akiba ya madini chuma. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani huongeza madini hayo, hasa vikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C wakati kinywa kimepona. Chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia madini chuma ya mboga na nafaka kufyonzwa, hivyo isogezwe mbali na chakula cha mtoto. Vidonda vikali vinavyojirudia vinaweza kutibiwa kwa dawa za kupaka za jamii ya steroidi, ambazo huagizwa na daktari wa kinywa na meno au wa watoto na hazinunuliwi kwa kubahatisha.

Mtoto naye anahitaji maelezo. Kuanzia miaka 4 hivi, wengi wanaweza kuonyesha ukubwa wa maumivu kwa kuchagua mojawapo ya nyuso zilizochorwa, kuanzia inayotabasamu mpaka inayolia. Aambiwe ukweli kwa lugha ya umri wake: kidonda hiki kinauma, kesho huenda kikauma pia, kisha kitapungua, na hakitabaki milele. Asitishwe kwa sindano ili anywe, wala kinywa chake kisifunguliwe kwa nguvu na watu watatu. Achague mwenyewe kikombe, au achague kati ya maziwa na uji. Mwalimu wake aarifiwe kwamba hali yake haiambukizi, na kwamba kunyamaza kwake darasani si kiburi. Siku kidonda kitakapofunga, mzazi aendelee kumpa mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki 2, ili arudishe uzito alioupoteza.